Kipa wa Miji Kumi na Mmoja

Orest Wasylyk alikuwa na miaka thelathini na minane, lakini magoti yake, kama alivyopenda kusema dada yake Nettie, yalishafika sitini na yalikuwa yamekaa huko mbele yakimngoja. Alikuwa kipa wa hoki ya barafuni. Si kipa wa kutajwa redioni. Alikuwa kipa wa kupigiwa simu pale kipa mwenye namba anapovunjika mkono: Orest alifunga begi, akapanda basi, akacheza wiki sita, mkono wa mwenyewe ukapona, naye akaambiwa asante. Kwa miaka kumi na tisa alivaa jezi za miji kumi na mmoja, mmoja ukiwa ng'ambo ya bahari, ambako alikula kabichi chachu kuanzia Oktoba hadi Aprili na kufundishwa matusi ya lugha asiyoijua.

Timu zake zilifika fainali mara sita. Mara zote sita, siku ya mechi ya mwisho ilipofika, golini alisimama mwingine na Orest alisugua benchi. Hakuwahi kulalamika mbele ya watu. Ila Nettie alijua. Katika nyumba ya marehemu mama yao kulikuwa na picha sita za timu, na katika zote sita Orest alikuwa pembeni kabisa, nywele zimechanwa vizuri, kavu, za mtu ambaye hakutoka jasho.

Sasa alikuwa amerudi Halbrook alikozaliwa, kwenye timu ya wakulima, mafundi wa kuchomelea vyuma na mwalimu mmoja wa hesabu. Alishasema huu ndio msimu wa mwisho. Kipa wa kwanza alikuwa Darcy Ollenberger, kijana wa miaka ishirini, mrefu kama nguzo ya simu, mwenye mkono wa kushoto mwepesi kuliko jicho. Orest alijua kwamba Darcy ni bora kuliko yeye. Alilijua jambo hilo kama watu wa Saskatchewan, kule Kanada kwenye baridi kali, wanavyoijua Januari. Huipendi, lakini unavaa koti unatoka.

Kisha ikaja fainali ya mechi tano na timu ya mji wa Stenlund, na Darcy akaharibikiwa.

Mechi mbili za kwanza zilichezwa Halbrook, na zote mbili Darcy alifungwa magoli ya aibu, chini kabisa, upande wake wa kushoto, pale pale ambapo msimu mzima hapakupita hata upepo. Wakaenda Stenlund, akageuka ukuta, Halbrook wakashinda mbili. Sasa ilikuwa sare, na mechi ya tano, ya kumaliza ubishi, ingechezwa nyumbani Jumapili saa nane mchana.

"Nyumbani anaogopa," watu walisema jikoni, pale dirishani mwa ukumbi wa barafu ambapo Nettie aliuza kahawa na pirogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi. "Mama yake akikaa jukwaani, mikono inamtetemeka."

"Mama yake kakaa jukwaani tangu mtoto ana miaka mitano," Nettie aliwajibu. "Haradali unataka au hutaki?"

Ijumaa jioni, kocha Lyle Hrynkiw alimkuta Orest kwenye meza iliyo mbele ya dirisha la jikoni akajitupa kwenye kiti mbele yake.

"Orest, kaa chini."

"Nimekaa, Lyle."

"Basi kaa vizuri. Jumapili unasimama wewe."

 Orest aliangalia kikombe chake kama vile jibu lilikuwa ndani.

"Umenisikia? Dogo kichwa kimemhama. Nimeshamwambia. Kalia, kaenda zake. Jumapili goli ni lako."

"Nimekusikia."

Aliyesikia vizuri zaidi alikuwa Nettie, kwa kuwa dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Kabla kahawa ya Orest haijapoa alikuwa kwenye simu ya ukutani akiwaita binamu mmoja baada ya mwingine, akisema kwa sauti ya kanisani, "Orest anacheza. Ndiyo, Orest wetu. Anaanza."

Jumamosi asubuhi timu ilifanya mazoezi mepesi. Katika ukumbi ule kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote: kipa anayeanza anafanyia mazoezi goli la mashariki, lile la upande wa jikoni, na kipa wa akiba anakwenda goli la magharibi, kwenye upepo wa mlango wa gari la kulainisha barafu. Orest alikuwa amekaa na ule upepo tangu Oktoba. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza msimu ule, aliteleza kuelekea mashariki, na Darcy, bila kuinua uso, akaelekea magharibi.

Orest aliingia golini akafanya kama afanyavyo siku zote. Aligonga mlingoti wa kushoto kwa gongo, akagonga wa kulia kwa glavu, akajisukuma mbele mara mbili, akasimama. Mwili wake ulimwambia yuko katikati kabisa. Kisha akatazama chini.

Mbele ya kila goli kuna nusu duara iliyopakwa rangi ya bluu chini ya barafu. Ndiyo sebule ya kipa. Kilele cha nusu duara ile kilitakiwa kiwe katikati ya viatu vyake. Hakikuwapo. Kilikuwa kando ya kiatu cha kulia.

Akarudi, akagonga tena milingoti, akajisukuma tena. Kilele kilikuwa palepale, kando. Akalilaza gongo lake kwenye barafu, akapima kutoka mlingoti wa kushoto, kisha wa kulia. Rangi ilikuwa imesogea kiganja kizima.

Kumbukumbu zikaanza kujipanga zenyewe. Wiki moja kabla ya fainali bomba lilipasuka chini ya goli la mashariki. Alphonse Gaudry, mtunza ukumbi, aliikata barafu, akaziba bomba, akamwaga maji upya, akachora nusu duara kwa kamba na msumari, akiwa na mafua na haraka. Na Darcy alikuwa kipa wa rangi. Vijana wote wa siku hizi ni makipa wa rangi. Walifundishwa kwenye barafu safi, zilizopimwa na wataalamu. Wanatupa jicho chini, wanaiona bluu, wanajipanga nayo, basi. Darcy alikuwa amejipanga na bluu ya Alphonse na kuacha kiganja kizima wazi upande wa kushoto. Mechi ina vipindi vitatu na timu hubadilishana magoli kila kipindi; nyumbani Darcy alilinda goli la mashariki kipindi cha kwanza na cha tatu. Orest akahesabu magoli yote aliyofungwa Darcy pale nyumbani. Kipindi cha kwanza na cha tatu. Kipindi cha pili, kwenye goli la magharibi, halikuingia hata moja.

Kwa hiyo dogo hakuwa mwoga. Aliamini rangi.

"Orest!" Lyle alipiga kelele. "Unatafuta hela hapo chini?"

"Pigeni," Orest alisema, akavuta kofia ya chuma usoni.

Wakapiga, na Orest akadaka vizuri, vizuri kuliko alivyodaka miaka mitatu iliyopita, na kila alipodaka alijua kwamba akinyamaza tu, hilo goli ni lake. Yeye rangi haikumdhuru. Alikuwa amekulia kwenye barafu za miji ambayo mtunza ukumbi hana hata kopo la rangi, na nyingine ambazo nusu duara ya kipa imechorwa juu ya maduara ya mchezo wa kusukuma mawe, usijue lipi ni lipi. Alijifunza kuamini chuma kilicho nyuma yake, basi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba huo ni ujuzi. Yeye mwenyewe aliuona kama kovu.

Baada ya mazoezi alikwenda jikoni. Nettie alikuwa amejaa unga hadi kwenye viwiko, akifunga pirogi za Jumapili.

"Ndugu wanaokuja ni thelathini na saba," alisema. "Mpaka mjomba Metro, na yeye hajatoka nyumbani tangu mazishi ya mama."

Orest akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, na Nettie, aliyekua katika nyumba ya kipa, alielewa kabla hajamaliza. Akaweka pirogi chini.

"Nyamaza," alisema.

"Nettie."

"Nyamaza nakwambia. Miaka kumi na tisa, Orest! Nyamaza mpaka kesho saa kumi na moja, ukishavua viatu, ndipo useme. Utasema umegundua kwenye mechi. Nani atakujua?"

"Wewe."

"Mimi sina mdomo."

"Una mdomo mpaka mjomba Metro anakuja."

Nettie hakucheka. "Dogo ana miaka ishirini. Atapata fainali nyingine kumi. Wewe una hii."

 Orest alikuwa anaitaka mechi ile kiasi kwamba meno yalimuuma. Usiku kucha alikuwa ameicheza kichwani. Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakikumwachia: jana Darcy alikwenda nyumbani akilia, na kesho angekaa benchi akiamini kwamba ana moyo wa kuku. Kipa akishaamini hivyo hapati fainali nyingine kumi. Hapati hata moja. Orest alikuwa amewaona wa namna hiyo katika miji kumi na mmoja. Mmoja wao sasa anauza matrekta na hawezi kuangalia hoki hata kwenye televisheni.

"Na jambo lingine," alisema, akisimama. "Akisimama palipo sawa, yeye ni bora kuliko mimi. Tunataka kushinda au tunataka kupiga picha?"

"Mimi nataka picha," Nettie alisema, na sauti yake ikakatika.

Lyle alikuwa bado maegeshoni akiwasha pikapu. Orest akagonga kioo. Alipomaliza kueleza, Lyle alizima injini akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Alphonse achore upya."

"Nimeshamuuliza. Anasema akikata barafu na joto hili la Machi, kesho tutacheza kwenye bwawa la bata."

"Kwa hiyo nimuweke nani?"

"Unajua nani."

"Najua. Nataka ulitamke wewe, usije ukanichukia mpaka uzeeni."

"Darcy," Orest alisema. Neno lilitoka zima. "Lakini nipe ukumbi mchana huu. Mimi na yeye tu. Na mtu yeyote asije kuchungulia."

Darcy alikuja saa saba, uso umefura, begi begani. Orest alimwonyesha nusu duara, akampa gongo apime mwenyewe. Darcy akapima mara tatu. Akakaa chini palepale kwenye barafu, miguu mbele, kama mtoto wa chekechea.

"Kumbe," alisema. Kisha akainua macho, na macho yalikuwa makali. "Ungenyamaza tu ungecheza. Umenionea huruma?"

"Huruma? Dogo, nimekuonea wivu tangu Oktoba. Simama. Tuna saa tatu, na mimi sina magoti ya kukubembeleza."

Darcy alipokwisha kuvaa vifaa, Orest alichukua kofia ya sufi ya kijana, akaivisha juu ya kofia yake ya chuma, ikaziba macho yote.

"Sioni!"

"Ndiyo maana yake. Gonga kushoto. Gonga kulia. Jisukume mara mbili. Uko wapi?"

"Katikati."

"Uko jikoni kwa dada yangu. Rudi."

Walirudia. Darcy alitoka kombo kushoto, akatoka kombo kulia, mara moja akajisukuma vibaya akakumbatia ubao wa pembeni. Orest alipiga kisahani, kile kipande cheusi cha mpira kinachochezewa hoki, polepole kwenye kifua chake kila alipokuwa sawa, na kila alipokosea alikipitisha kando yake kikalie kwenye nyavu, ili masikio yake yajifunze.

"Unahesabu hatua. Usihesabu. Mlingoti ukishaugusa, bega linakumbuka uko wapi. Liache."

"Bega langu halina kumbukumbu, mzee."

"Litapata. La kwangu lilipata kwenye ukumbi mmoja ambao taa ya upande wangu ilikuwa imekufa. Majira mazima. Nilikuwa nadaka kwa kusikia."

"Mlishinda?"

"Tulifungwa kumi na moja kwa mbili. Lakini walipiga mashuti kumi na matatu, na yale mawili mengine niliyadaka."

Darcy akacheka ndani ya sufi, na ndipo mabega yake yalipolegea. Ilipofika saa tisa na nusu alikuwa anatoka sawa mara nane katika kumi. Hapo Orest alimvua ile kofia, na Darcy akaharibikiwa upya kabisa, kwa sababu macho yaliona bluu na miguu ikaifuata.

Orest alisimama, akafikiri. Kisha akaanza kukwangua barafu kwa viatu vyake, kushoto kulia, kushoto kulia, kama makipa wote wanavyofanya kabla ya kipindi ili wasiteleze, ila yeye hakuacha. Aliendelea hadi nusu duara yote ikafunikwa na ungaunga mweupe.

"Kila kipindi kabla ya kuanza, fanya hivi," alisema. "Refa akikupigia kelele, mwambie una wasiwasi. Makipa tunaruhusiwa wasiwasi."

Ilipofika saa kumi Darcy alikuwa anatoka sawa mara zote. Orest hakuweza kushuka ngazi za chumba cha kuvalia bila kushika ukuta.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ndoo. Jina la Darcy liliposomwa, safu nzima ya akina Wasylyk iligeuka kumtazama Nettie, naye akatazama sufuria yake. Asubuhi ile alikuwa amempa Orest kahawa bila kumwangalia usoni.

Wakati wa kupasha misuli moto Orest aliteleza hadi mstari wa kati, akamwita kwa kidole Wendell Prokop, kipa wa Stenlund, mtu mnene mwenye ndevu nyekundu.

"Wendell, kipindi cha pili ukija upande ule, usiamini rangi. Imesogea kiganja."

"Unanizuga."

"Ningetaka kukuzuga ningekwambia iko sawasawa."

Wendell alitazama ule upande kwa muda mrefu. Kisha akasema tusi moja, taratibu, la mtu aliyekumbuka mambo. "Yale magoli mawili niliyofungwa hapa," alisema.

"Ndiyo hayo."

Aliporudi, Lyle alikuwa mwekundu kama nyanya. "Umemwambia? Umemwambia wa Stenlund?"

"Ni kipa," Orest alisema, akakaa mahali pake.

Mahali pa kipa wa akiba ni mwisho wa benchi, kwenye kimlango. Kazi yake ni kukifungua wenzake wanapoingia kupumzika na kukifunga wakishapita. Orest alifungua na kufunga. Hakushangilia. Macho yake yalikuwa kwenye mabega ya Darcy, na kila kisahani kilipovuka mstari wa kati midomo yake ilicheza: kushoto, kulia, mbili. Watu wa karibu walidhani anasali.

Kipindi cha kwanza kiliisha kwa sare ya goli moja moja, na goli alilofungwa Darcy liligonga mguu wa mwenzake kwanza. Hilo Mungu mwenyewe asingelidaka. Kipindi cha pili Wendell alidaka kama shetani. Moja moja bado. Kipindi cha tatu Halbrook walipata la pili, na hapo Stenlund wakaja wote, kama ng'ombe waliofunguliwa zizi.

Dakika tatu kabla ya mwisho, mrefu wao mmoja alipokea kisahani peke yake mbele ya goli la mashariki. Alijua pa kupiga. Alishapiga pale mara mbili, chini, kushoto. Darcy alikuwa amevutwa upande wa kulia. Orest alisimama bila kujua amesimama. Aliona mkono wa glavu wa Darcy ukirudi nyuma ukagusa mlingoti, mguso mdogo tu, kama mtu anayepapasa mlango gizani, kisha bega likakumbuka, na Darcy akajisukuma mara moja badala ya mbili. Kisahani kilimpiga katikati ya pedi ya mguu wa kushoto kikaruka hadi kwenye kona.

"Mlango, Orest! Mlango!" wenzake walipiga kelele. Watatu walikuwa wamerundikana nje ya kimlango wakihema. Alikuwa amesahau kukifungua.

Halbrook walishinda mbili kwa moja. Walimbeba Darcy, wakamwangusha, wakambeba tena. Picha ikapigwa, na Darcy, bila kuuliza mtu, alitoka katikati akaja kusimama pembeni kabisa, karibu na Orest, jasho likimtiririka hadi likamlowesha Orest bega.

Jikoni, watu walipopungua, Nettie alimwekea kaka yake sahani ya pirogi yenye krimu na vitunguu vya kukaanga, akakaa mbele yake. Mara hii alimtazama.

"Unajuta?"

"Ndiyo," Orest alisema. Akala moja, akala ya pili. "Wendell kaniuliza kama naweza kwenda Stenlund Alhamisi. Ana vijana wawili anawafundisha. Anataka niwaonyeshe ile ya milingoti."

"Utakwenda?"

"Darcy atanipeleka na pikapu yake. Magoti hayakanyagi klachi." Akachora kwa uma kwenye krimu, mlingoti huku, mlingoti kule. "Ila lile shuti la mwisho, Nettie. Umeliona? Alichelewa kugusa. Nusu sekunde. Lazima nimwambie kabla hajalala."

Akasukuma kiti, akasimama kwa shida, na akatoka kwenda kumtafuta.